Hiace 5L taa hafifu na betri inashuka: LED, relei au altaneta mpya?

Ndizi_Express (Mbeya)
Wakuu habari za jioni. Nina Hiace ya zamani dizeli injini 5L, kazi yake kubwa ni kutoa ndizi Tukuyu kuleta Mwanjelwa. Shida yangu taa, ukifika Isyonje usiku ukungu umeshuka unaendesha kwa kukisia tu, taa zina rangi ya chungwa kama kibatari na ukiwasha feni ya hita ndo zinazidi kufifia. Afu saivi na hii baridi asubuhi inawaka kwa kuvutavuta mpaka majirani wanaamka. Nimepima na mita, asubuhi kabla sijawasha betri ina 12.1, ikiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) na taa zinawaka 12.6, nikipiga resi inafika 13.0 haivuki hapo. Betri saizi ya N70 haina hata mwaka na taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki kabisa.

Ushauri niliopewa mtaani ni huu: niweke globu za LED, au niweke globu za H4 za wati 100/90 (full/dim), au nivute waya mpya na relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo kupitisha umeme mkubwa) nibaki na H4 za kawaida, na mwingine kasema yote hayo ni kupoteza hela ninunue altaneta (ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri) mpya. Hela inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Nianze na kipi?

Chalii_wa_Mafiati
LED mkuu usijichoshe. Globu ya H4 ya kawaida inakula wati 55 kwenye dim na 60 kwenye full, LED nyingi zinakula karibu nusu ya hapo, kwaio hata altaneta inapumua na betri inapata chaji. Unachomoa unachomeka umemaliza, hamna kukata waya. Mimi nimefunga na naona mpaka panya anavuka barabara.

Mzee_wa_Makambako
Wewe unaona panya, mwenzio anayekuja haoni kitu. Kijana, kioo cha taa ya Hiace kimepimwa kwa ule uzi mdogo wa globu ya H4 ukae mahali pake hasa, ukiweka LED za bei chee mwanga unatawanyika juu na pembeni, malori ya Tunduma yanakupigia full njia nzima. Na kwenye ukungu ndo balaa, ule mweupe wa kibluu unagonga ukungu unakurudia usoni. Halafu hivyo vifeni vya nyuma ya LED vikipigwa vumbi na matope vinaganda, globu inajipika yenyewe.

100/90 usizifikirie kabisa kwa waya za zamani. Mbili zikiwa full ni karibu ampea 15, zile soketi zinayeyuka na swichi ya kwenye usukani inafuata.

Fundi_Waya (Iringa)
Ndugu yangu usinunue chochote kwanza, una mita tayari. Hapo kuna magonjwa mawili na watu wanayatibu kama moja.

La kwanza ni chaji. Betri iliyojaa ikikaa usiku kucha inatakiwa isome 12.6 hivi, 12.1 maana yake imebaki chini ya nusu, na baridi ya huko juu inaipunguzia nguvu zaidi. Gari ikiwa inazunguka tunategemea 13.8 mpaka 14.4 kwenye betri, wewe 13.0 haichaji hiyo, inajikongoja. Ila usikimbilie kusema altaneta. Washa taa zote, mtu akupigie resi kidogo, weka waya mwekundu wa mita kwenye ile nati kubwa ya nyuma ya altaneta na mweusi kwenye hasi ya betri. Andika. Kisha pima kwenye betri yenyewe. Tofauti ikizidi 0.3 hivi basi umeme unapotelea njiani. Na taa ya dashibodi isikudanganye, hiyo inawaka altaneta ikigoma kuzalisha, waya wa chaji ukioza yenyewe iko kimya tu.

La pili ni taa. Chomoa mpira wa nyuma ya globu, taa ikiwa inawaka dim pima pale pale kwenye pini za soketi. Ulete namba zote hapa.

Dada_Noah
Mi naomba kuuliza hapo hapo, na kama betri inashuka usiku gari imezimwa? Yangu ikilala siku mbili haiwaki.

Fundi_Waya (Iringa)
Dada hiyo ni nyingine, kuna kitu kinanyonya. Vua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10 katikati ya waya na betri, funga milango, subiri gari ilale kidogo. Ikizidi ampea 0.05 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, mara nyingi utakuta ni redio au kile kifaa cha kufuatilia gari. Usijaribu kustata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Mzee_wa_Makambako
Na mwenye Hiace akichungulia altaneta aangalie oili. Hizi dizeli za L zina pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa altaneta, sili ikichoka oili inaingia ndani inalowesha kaboni (brashi za altaneta), chaji inaanza kuyumba. Watu wanabadilisha altaneta na baada ya muda mpya nayo inakufa vilevile kwa sababu hawakugusa sili. Angalia na mkanda pia kama haupigi kelele ukiwasha taa.

Ndizi_Express (Mbeya)
Shikamoo mzee, asante. Oili hamna, mkanda nimekaza. Namba hizi, zote taa zikiwaka na resi kidogo: nyuma ya altaneta 14.1, kwenye betri 13.0, kwenye soketi ya globu 11.1. Nikapima na vipande, upande wa chanya kutoka betri mpaka soketi inapotea 0.5, upande wa hasi inapotea 1.4. Hapa pa hasi ndo sijaelewa, nimekwangua ethi (waya wa hasi) ya kwenye bodi kwa msasa na haijabadilika kitu.

Fundi_Waya (Iringa)
Safi sana, altaneta yako nzima, muuza altaneta atanisamehe. Volti 1.1 nzima inafia kati ya altaneta na betri. Fuata ule waya mnene, kagua ile fyuzi kubwa ya kwenye njia ya chaji na vichwa vya betri, ukiona unga wa kijani au waya umekakamaa chini ya mpira kata weka mpya.

Kuhusu hasi: Toyota nyingi za zamani zinakata taa upande wa hasi. Chanya inakuja moja kwa moja kwenye globu, swichi ya dim na full ndo inayopeleka ethi. Kwaio ile 1.4 iko kwenye swichi na waya zake ndefu, bodi ungekwangua mpaka kesho. Globu inayopata 11.1 badala ya 13.5 inatoa kama nusu tu ya mwanga, maana mwanga unaporomoka haraka kuliko volti.

Mimi naenda na relei. Mbili, moja ya dim moja ya full. Soketi ya zamani inabaki ya kuamsha relei tu, pini 85 na 86 za relei ya kwanza zinakaa kati ya ile chanya ya pamoja na waya wa dim, za relei ya pili kati ya chanya hiyo na waya wa full. Pini 30 inatoka betri kwa waya wa milimita 4 na fyuzi ya 20 karibu kabisa na betri, 87 inaenda kwenye globu kwa 2.5, ethi mpya ya globu kwenye bodi. Ukinunua seti iliyofungwa tayari muulize kama ni ya Toyota za kukata hasi, ile ya kawaida inayotegemea ethi ya soketi itakutesa. Na LED kwenye mfumo huu taa ya full ya dashibodi inaweza kuleta vituko.

Chalii_wa_Mafiati
Sawa ila na relei bado anakula wati zilezile, sailensa kwenye foleni ya Mafiati betri itashuka tu. Na mi ningetoa umeme nyuma ya altaneta, si kwenye volti 14.1 huko?

Fundi_Waya (Iringa)
Waya wa chaji ukiwa mzima hiyo tofauti haipo, na betri inatuliza umeme globu zisiungue ovyo. Ampea 9 za taa altaneta nzima inazibeba.

Ndizi_Express (Mbeya)
Nimeanza na waya wa chaji. Kichwa cha fyuzi kubwa kilikuwa kimeungua kwa ndani, juu kinaonekana kizima. Nimebadilisha, betri saivi 13.9 na taa zimewaka. Asubuhi imesoma 12.5, inawaka bila kuvuta. Taa zimepanda kidogo, relei nafunga Jumamosi.

Mzee_wa_Makambako
Vizuri. Ukimaliza pointi taa, na pakia ndizi kwanza, ukipointi gari tupu mzigo ukijaa nyuma pua inanyanyuka. Simama mita 5 kutoka ukutani pakiwa sawa, mwanga wa dim ukatike sentimita 5 chini ya usawa wa globu.