4294967297 ni tasa au si tasa?

Mwana wa Langoni: Assalaam alaykum. Nafundisha hisabati jioni hapa Langoni, Lamu. Binti mmoja wa kidato cha pili ameandika ubaoni 2, 4, 16, 256, 65536, kila moja ni ile ya nyuma ikizidishwa kwa yenyewe. Akaongeza 1 kila mahali: 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe! Inayofuata ni 4294967297, naye anataka kujua kama nayo ni tasa. Nimegawa kwa 3, 7, 11, 13 hadi nikapita 100, hakuna iliyoingia. Kuna njia fupi?

Maalim wa Mkomani: Waalaykum salaam, mwanangu. Huyo binti mpe hongera yake, maana swali hilo ni la Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Yeye aliamini mfuatano huo hautoi ila tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa hii si tasa: ni 641 × 6700417.

Usimpe jibu peke yake. Tasa yoyote inayoigawa namba hii, ukiigawanya kwa 64 lazima ibakishe 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 na wenzao usihangaike nao. Za kujaribu zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu! Mkalishe na kalamu: 4294 toa 3846, zabaki 448, shusha 9, endelea hivyo hivyo, na mwisho utafika 4487, ambayo ni 641 mara 7 barabara.

Halafu kuna utamu wenyewe. 641 ni 5 × 128 + 1, na tena ni 625 + 16. Tuhesabu kwa mabaki ya 641, yaani namba mbili tunaziita sawa tofauti yao ikigawanyika kwa 641. 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴, yaani 625, ni sawa na −16, yaani −2⁴. Basi −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 haibakishi kitu. Hukugawa hata mara moja! Nimesomesha miaka mingi, na hii sijachoka kuiandika.

Fundi Kompyuta, Shela: Maalim, tazama na majirani zake. Ukitoa 1 unapata 4294967296, idadi ya anwani zote za intaneti za toleo la 4. Ukitoa 2, ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, zile tasa za binti zikizidishwa zote. Kwa hiyo hata 257 msiijaribu: imeshaingia kwa jirani aliye nyuma kwa 2, hapa haiwezi kuingia tena.

Mwana wa Langoni: Shukran sana, Maalim, nawe Fundi. Atauliza tu: baada ya 65537, mfuatano huu una tasa nyingine?

Maalim wa Mkomani: Hadi leo haijapatikana hata moja, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Mwambie hivyo hivyo, na umwachie daftari.