Tupeane uzoefu: kuchagua, kufungua na kufaidi nazi na madafu nyumbani

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kuchagua, kufungua na kutumia nazi na madafu nyumbani, kwa sababu vijana wengi wanaoanza maisha mijini wamezoea tui la boksi na la unga, ilhali nazi zimejaa sokoni. Naanza mimi, wa Tanga.

Naamini kwamba utamu wa mchuzi huamuliwa sokoni, kabla nazi haijafika jikoni. Tunda la mnazi hupitia hatua kadhaa: kidaka na kitale bado ni vichanga. Dafu lina maji mengi na nyama laini. Koroma limeanza kuwa gumu lakini halijatoa tui la maana. Na nazi yenyewe huwa imekaa mtini takriban mwaka mzima. Anayetaka tui aitikise nazi karibu na sikio. Iliyokomaa husikika maji yakicheza, kwa kuwa yamepungua na kuacha nafasi ndani, na isiyotoa sauti yoyote ama ni changa ama imepasuka na kukauka. Dafu zuri ni kinyume chake: likijaa sawasawa halisikiki kitu. Baada ya hapo mimi hukagua macho matatu. Yakiwa makavu na magumu, naichukua. Yakiwa na unyevu, ukungu au harufu ya kuchacha, nairudisha hata kama muuzaji ananipunguzia bei. Zile nyuzi zinazoachwa juu ya macho wakati wa kufua, yaani kuondoa kumbi (ganda la nje lenye nyuzi), zina kazi yake, maana jicho moja ni laini na ndipo mche unapochomozea, kwa hiyo nazi iliyonyolewa kabisa huharibika mapema.

Karibuni, na kila mmoja ataje mahali alipo.

Kutoka Mombasa

Ahsante kaka wa Tanga. Mimi ni mama wa nyumbani na nazi huikuna karibu kila siku, basi niongezee upande wa kuvunja na kukuna.

Nazi naishika kiganjani juu ya bakuli, macho yakielekea pembeni, kisha naigonga kwa mgongo wa panga katikati ya tumbo lake huku nikiizungusha kidogo baada ya kila pigo. Ufa ukishaanza huzunguka wenyewe, na vifuu viwili hutoka karibu sawa. Maji nayaonja kabla ya jambo lolote: yakiwa na ladha ya uchachu au ya sabuni, nazi hiyo haiingii kwenye chakula changu, kwani nazi moja mbovu huharibu sufuria nzima. Ukikuta joya, yaani lile bonge jeupe jepesi linalojaa ndani ya nazi iliyoanza kuota, usilitupe. Kwetu watoto hugombania.

Kwenye mbuzi, anza kukuna pembezoni na uizungushe nazi taratibu, na uache mara tu unapoona rangi ya kahawia, kwa sababu ile ngozi ikichanganyika tui hupoteza weupe wake. Tumia maji ya uvuguvugu, ukamue kwa mkono, uchuje, na tui la kwanza uliweke kando. La pili na la tatu ndilo la kuchemshia mbaazi, maharage au kisamvu. Lile zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usitoke mkononi mpaka lipande, la sivyo litakatika na mchuzi utaelea mafuta. Wengi husema kwamba nazi yao ilikuwa mbaya, kumbe ni moto tu.

Kutoka Pemba

Sisi tulio na minazi uani hatununui zilizofuliwa. Kifuo chetu ni chuma kilichochongoka, kimesimikwa ardhini, na anayekitumia hukita nazi kwa nguvu kisha huisokota, akirudia pande tatu au nne hadi kumbi libanduke lote. Watoto hawaruhusiwi kukisogelea.

Kwa madafu, nawashauri wenye nafasi wapande kitamli, ambao ni mnazi mfupi unaoweza kuanguliwa bila mkwezi, na maji yake ni matamu mno. Tunapochonga, kwanza tunakata kitako kidogo ili dafu lisimame lenyewe, kisha tunapunguza upande wa juu kidogo kidogo mpaka panga liguse kifuu kilicho bado laini, na pigo la mwisho huenda kwa mshazari na kufungua tundu. Kipande cha kumbi kilichochongwa pembeni ndicho kijiko cha kukombea urambirambi, yaani ile nyama laini ya dafu. Mkono unaoshika dafu usikae kamwe kwenye njia ya panga. Hilo nalisema kwa msisitizo mkubwa.

Kutoka Muscat

Huku nyumba nyingi za watu wenye asili ya Zanzibar bado zina mbuzi, ila vijana wetu hutumia mashine ya kusagia. Nazi nzima tunaigandisha usiku kucha kwenye friza, na ikitolewa na kuvunjwa, nyama hubanduka kwenye kifuu kwa urahisi. Kisha inakatwakatwa, inasagwa na maji ya uvuguvugu na kuchujwa kwa kitambaa. Anayetaka madafu ya hapahapa Oman aende Salalah, ambako minazi hustawi na vibanda vya madafu vimepangana kando ya barabara.

Kutoka Copenhagen

Ndugu zangu wa ughaibuni, madafu yanayouzwa yakiwa yameshachongwa kumbi yawekwe kwenye friji bila kuchelewa. Mwaka 2021, hapa Denmark, mzee wa miaka 69 alifariki baada ya kunywa maji kidogo ya nazi ya namna hiyo, iliyokuwa imekaa mezani takriban mwezi mmoja. Ukungu ulikuwa umezalisha sumu ndani yake. Alihisi ladha mbaya mara moja, lakini alikuwa ameshameza. Ladha ikikushtua, tema.

Kutoka Dar es Salaam

Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Kwa mgonjwa wa figo tunayemuuguza nyumbani, daktari aliyakataza kabisa, kwa hiyo wenye wagonjwa wa aina hiyo waulize kabla ya kuwapa.

Kutoka Mwanza

Shikamoo mama wa Mombasa. Nazi hutufikia kutoka mbali, nasi hununua kadhaa kwa pamoja. Je, tui lililobaki nilihifadhi vipi?

Kutoka Mombasa

Marahaba mwanangu. Usilikamue lote siku moja, kwani nazi nzima iliyo na macho makavu hukaa wiki kadhaa mahali penye kivuli na hewa, ilhali tui likiachwa mezani huchacha siku hiyohiyo. Ukishakamua, ligandishe kwenye vikopo vidogo, kila kimoja kwa mpiko mmoja. Likiyeyuka litajitenga, likoroge tu, halijaharibika.