Protini CD63 haitoki kwenye bloti, tatizo ni antibodi?

Nyali_Maabara: Assalaam aleikum jamaa. Natafuta tetraspanini (protini za utando wa seli kama CD9, CD63 na CD81) kwenye vesikeli, vile vifuko vidogo vya seli, kwa bloti: protini hutenganishwa kwenye jeli, kisha hutambuliwa kwa antibodi. Naweka protini mikrogramu 20 kila kisima, nachemsha na DTT (kemikali ya kukata vifungo vya salfa) kwa 95°C dakika 5. Aktini, protini yangu ya kulinganishia, yatoka safi, CD63 hakuna, na juu ya jeli pamekwama weusi. Ninunue antibodi nyingine?

BiKisauni: Waaleikum salaam. Usinunue bado, toa DTT kwanza! Kitanzi kikubwa cha nje cha protini hizi kinashikwa na vifungo vya salfa kati ya sisteini (asidi amino zenye salfa). DTT ikivikata, umbo laporomoka, na antibodi nyingi za CD9, CD63 na CD81 hukosa pa kushika. Aktini yenye DTT iendeshe jeli nyingine, kwa sababu DTT husambaa hadi visima vya jirani.

Likoni_Seli: Kweli kabisa. Na ule weusi ni wa kuchemsha: protini inayopita utando mara 4 ikipata 95°C hugandana na haiingii jeli. Tumia 37°C dakika 30, au 70°C dakika 10. CD63 pia usiingojee mstari mwembamba. Ina sukari nyingi, hivyo hutoka kama wingu, takriban kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 30 hadi 60. Kwa joto letu la Mombasa, tangi la kuhamishia protini kutoka jeli hadi karatasi ya bloti likae kwenye barafu.

Nyali_Maabara: Shukran sana. Na nikitaka kuvuta CD81 kwa antibodi pamoja na wenzake, yaani protini zilizoshikana nayo?

BiKisauni: Yeyusha utando kwa sabuni laini: CHAPS au Brij, asilimia 1. Triton X-100, sabuni kali zaidi, huwatenganisha wengi wao.