Yule "daktari" wa mijadala ya Jumapili usiku kanidhalilisha kisa Lardner

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki. Jamaa simtaji, mnamjua wote: yule wa mijadala ya sayansi laivu, asiyeweza kusalimia bila kutaja digrii zake. Jana usiku kaniambia mbele ya umati mzima: "Mwalimu, rudi kwenye chaki." Kisha akanizimia maiki. Katikati ya sentensi!

Alikuwa anamcheka Dionysius Lardner, mwandishi wa sayansi wa karne ya 19. Eti ndiye "Mwingereza mjinga" aliyesema abiria wa treni ya kasi watakosa hewa wafe. Mwingereza! Mtu kazaliwa Dublin, Ireland, 1793. Nikauliza kwa adabu zote, shikamoo mbele: aliandika wapi hayo? Kitabu gani, ukurasa gani? Maana sentensi hiyo inazunguka mitandaoni miaka nenda rudi na kila nikimuuliza mtu chanzo, kimya. Jibu la daktari wetu: rudi kwenye chaki.

Akitaka makosa ya Lardner, ya kweli yapo tele. Alilipinga handaki la reli la Box, kule Uingereza, kwa hesabu kwamba breki zikishindwa kwenye ule mteremko, treni itatokea upande wa pili kwa maili 120 kwa saa. Brunel, mhandisi wa reli hiyo, akamjibu: umesahau msuguano na ukinzani wa hewa, viweke uone, haivuki kama maili 56. Hilo ni swali la kidato cha tatu, nalifundisha! Alishikilia pia kwamba meli ya mvuke kwenda New York moja kwa moja haitalipa, makaa hayatatosha. Aprili 1838 Sirius na Great Western zikafika New York, na Great Western ilikuwa bado na tani kama 200 za makaa. Alikosea, sawa. Lakini alikosea kwa namba, hadharani, ndiyo maana Brunel aliweza kumkosoa kwa namba. Hakuna aliyemwambia mwenzake arudi kwenye chaki!

Na ni huyuhuyu aliyehariri Cabinet Cyclopaedia kuanzia 1829, juzuu 133, shilingi 6 kila moja, ili mtu asiye na chuo asome fizikia na historia nyumbani kwake. Humo waliandika mwanaastronomia John Herschel na waandishi wa riwaya Walter Scott na Mary Shelley. Mwaka 1834 akaieleza mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage katika jarida la Edinburgh Review. Kule Stockholm, mchapishaji Georg Scheutz akaisoma makala hiyo, na yeye na mwanawe Edvard wakaunda mashine yao, ikakamilika 1853, wakati ya Babbage haikuisha mpaka anaingia kaburini. Hapo hapo ndipo nilipokuwa! Natamka "Scheu..." maiki kwishnei. Alama za vicheko zikapanda kwenye skrini kama kumbikumbi baada ya mvua. Mtu mzima nazimwa kama redio ya jirani, tena na mtu anayejiita mwelimishaji wa umma!

#2 Kiboko wa Wami: Mkuu povu linakutoka. Ndefu, nimeishia kwenye handaki. Una uhakika ni yeye, si bando limekata?

#3 Fundi Redio: Huyohuyo! Mimi alinifutia maoni nilipomsahihisha umbali wa mwezi. Nikaandika tena, akafuta tena.

#4 mama_ndizi: Mleta mada mbona umeruka utamu? Lardner huyo 1840 alitoroka na mke wa Kapteni Heaviside. Kapteni akamfuata mpaka Paris akamchapa, na mahakama ikamtwanga fidia pauni 8,000. Wewe unatuletea makaa.

Mleta mada: Sijaruka, hayahusiani. Baada ya fedheha hiyo alivuka akajaza kumbi za Marekani kwa mihadhara, akarudi Paris na kuendelea kuandika. Miaka ya 1850 akatoa juzuu 12 nyingine za sayansi kwa watu wa kawaida. Mimi naongelea maiki. Nilikuwa natamka jina la mtu!

#6 Kiboko wa Wami: Alivuka na meli ya mvuke au ya tanga? 😂

#7 Tozo: Pauni 8,000 za wakati ule!! Mimi mahari ya 800,000 tu imenitoa jasho.

#8 reli_ya_kati: SGR ya Dodoma inagonga 160 kwa saa na watu wanakoroma. Hewa ipo.

#9 Fundi Redio: Bora wanaokoroma. Mimi nilikaa na mtu kafungulia simu spika Dar mpaka Morogoro, anagombana na mpangaji wake. Nimeshuka naijua kodi, na jina la mbwa.

#10 mama_ndizi: Tozo, 800,000 wapi huko? Kwetu hiyo ni ya kufungulia mlango tu.

Mleta mada: Jamani, tulikuwa kwa Lardner. Aliyehudhuria jana aseme kama sikuuliza kwa adabu.

#12 Tozo: @mama_ndizi na mbuzi juu yake. Nimepeleka mbuzi watatu, mjomba mtu akamkataa mmoja, eti ana kikohozi.

#13 reli_ya_kati: Mbuzi ana kikohozi? Hao wakwe walitaka nyongeza, hawakutaka mbuzi.

#14 mama_ndizi: Tozo fungua uzi wako, hii ya mbuzi tunaitaka kamili.