Naomba ushauri: RNA ndogo za kichocho kwenye vifuko vya seli

Wakuu, habari zenu. Nipo Mwanza, nasoma masta. Nataka kupima kwenye damu ya wavuvi mikro-RNA (vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni) ambazo minyoo ya kichocho huzitoa ndani ya vifuko vidogo vya utando. Najua upakiaji wa RNA kwenye vifuko si wa kubahatisha: kwa seli za binadamu, protini hnRNPA2B1 hukamata RNA zenye herufi GGAG, na protini nyingine, YBX1, huipakia mikro-RNA iitwayo miR-223. Kinachonikwaza ni usafi wa vifuko. Mikro-RNA nyingi za plazima huelea nje ya vifuko zikiwa zimeshikwa na protini Ago2, na sentrifuji ya kasi kubwa hatuna. Natumia PEG (kemikali ya kutuamisha vifuko), nayo huzoa kila kitu, mafuta na protini. Nikianza na proteinezi K (kimeng'enya cha kuvunja protini) kisha RNezi (cha kuvunja RNA), RNA zilizomo ndani ya vifuko zitabaki salama? Msimamizi anasema “endelea tu” (jibu gani hilo!). Mliowahi kufanya, mlitumia kipimo gani cha kulinganishia?