Ruta ya nyumbani kwa Bi Mkubwa

Ami Seif: Assalamu alaykum jamaa. Niko dukani Darajani. Kijana wa hapa ananambia ruta hii, kile kisanduku cha kugawa intaneti ya nyumba, yenye antena sita ndiyo kiboko ya kupakua. Nishatuma picha hapo juu. Nilipe?

Haitham: Waalaykum salaam Ami. Lipa tu! Hii iliyopo imenichosha.

Rayyan (Chake): Shikamoo Ami. Usilipe kwanza, nakuomba.

Ami Seif: Marahaba mwanangu. Nakusikiliza, lakini magharibi hiyo inaingia.

Rayyan (Chake): Haitham, hebu eleza hasa inafanyaje.

Haitham: Napakua zile picha za Unguja na Pemba zilizopigwa na droni, za ule mradi wa ramani ulioanza 2016. Ndizo ninazofanyia kazi ya chuo. Nikichukua za shehia kadhaa zinafika GB 40. Tena huwa nachukua Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, kwa torenti, yaani vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengi. Sasa nikiwasha torenti, dakika kumi hivi, alama ya waifai ipo lakini hakifunguki kitu, simu za nyumba nzima. Nachomoa umeme, nachomeka, inarudi. Dakika kumi, yale yale.

Mama Haitham: Na anayeumia ni Bi Mkubwa. Juzi anazungumza na Zuwena, uso wa Zuwena ukaganda pale pale. Mama wa watu kakaa na simu mkononi robo saa, anaita "Zuwena, Zuwena". Hataki kuiweka chini.

Shangazi Zuwena (Maskati): Mie huku namsikia vipande vipande. Nililia siku ile, sikuwaambia.

Haitham: Nisamehe Shangazi. Sikujua kama ni mimi.

Rayyan (Chake): Hapo pana maradhi mawili, na antena haitibu hata moja.

La kwanza ni daftari. Kila programu inayotoka kwenda nje, ruta inaandika mstari: nani kaomba nini, jibu likija apewe nani. Ukifungua ukurasa wa kawaida ni mistari michache. Torenti inazungumza na mamia ya watu kwa mpigo mmoja. Ruta ya bei ndogo ina kumbukumbu ndogo na prosesa dhaifu, daftari linajaa, na anayekuja nyuma hapokelewi. Ndiyo maana ukichomoa inapona. Daftari limefutwa, basi.

La pili ni foleni. Torenti haishushi tu, inapandisha pia. Njia ya kupanda ikijaa, sauti ya Bibi inakaa nyuma ya mafaili yako kama gari ya mgonjwa nyuma ya malori ya mchanga. Haikupotea, imechelewa, na kwenye simu ya picha kuchelewa ndiko kuganda.

Ami Seif: Na hii AX3000 iliyoandikwa kwenye boksi?

Rayyan (Chake): Hiyo ni megabiti 574 za masafa ya gigahezi 2.4 jumlisha 2402 za masafa ya gigahezi 5, halafu wakaikaza ifike 3000. Ni spidi ya hewani baina ya ruta na simu, tena ya maabara. Haina habari na laini inayoingia nyumbani. Haitham, laini yetu ni ngapi?

Haitham: 20 kushuka, 5 kupanda.

Rayyan (Chake): Hiyo 20 ni megabiti. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. GB 40 zako zinataka kama saa nne na nusu, hata tukinunua ruta ya milioni. Ruta nzuri haitakuongezea hata biti moja. Kazi yake ni kuzichukua hizo 20 zote usiku kucha bila kuzimia na bila kumnyamazisha Bibi.

Haitham: Kumbe. Mie nikidhani ruta ndiyo inayonibania spidi.

Ami Seif: Basi nimwambie kijana anipe ipi? Ananitazama huyu.

Rayyan (Chake): Achana na antena Ami. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) iwe MB 256, isishuke chini ya 128. Iwe na mpangilio wa kusimamia foleni, kwenye menyu wanaandika QoS au SQM. Ikiwa inakubali OpenWrt ndiyo bora zaidi, ile programu ya bure ya ruta iliyoanza 2004, maana humo SQM ipo na inafanya kazi kweli. Tundu za waya ziwe za gigabiti. Kwa laini ya 20 hata tundu za 100 zingetosha, lakini Haitham ana diski ya kuhamishia mafaili humo humo ndani, na siku faiba ikifika mtaani tusinunue tena.

Na muhimu sana: geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Kuna v1, v2, v3. Jina moja, matumbo tofauti. Mie nilishanunua kwa jina tu, kufika Chake nikakuta toleo lililopunguziwa kumbukumbu nusu. Pesa yangu ya miezi miwili ile.

Ami Seif: Hii ya antena sita haikuandikwa kumbukumbu popote. Kuna nyingine ndogo nyeusi, antena nne, v1.

Rayyan (Chake): Nitumie picha ya kibandiko.

Rayyan (Chake): Nimeitafuta. MB 256, gigabiti, OpenWrt inakubali. Chukua hiyo Ami.

Ami Seif: Tena bei yake iko chini ya ile. Nimelipa.

Mama Haitham: Na tuiweke wapi? Ya sasa iko juu ya friji, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Chokaa la dari linaanguka.

Rayyan (Chake): Mama, kitambaa kiondoe leo. Iguse uone ilivyo moto. Na juu ya friji si mahali pake, lile bati linakula mawimbi. Iweke ukumbini kwenye rafu, wazi. Lakini nikwambie kweli: kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zina unene wa nusu mita, masafa ya 5 hayavuki. Haitham yuko chumba cha juu, huyo avutiwe waya. Waya wa Cat 5e unabeba gigabiti mpaka mita 100, na nyumba yetu haifiki hata 20.

Ami Seif: Ukuta sitoboi. Nyumba ya urithi hii.

Rayyan (Chake): Usitoboe. Upite pembeni ya ngazi. Na Haitham, kwenye torenti punguza miunganisho ibaki 100. Nikija wiki ijayo nitaweka SQM: 18 kushuka, 4.5 kupanda. Tunaacha kidogo makusudi, foleni isimamiwe ndani ya ruta yetu, isijazane huko nje tusikoweza kuigusa.

Mama Haitham: Umeme ukikatika je?

Rayyan (Chake): Kuna vibetri vya ruta. Soma volti kwenye chaja, zikiwa 12 na kibetri kiwe 12. Ampea zikizidi si neno, zisipungue.

⸻ Ijumaa ya wiki iliyofuata ⸻

Shangazi Zuwena (Maskati): Nimezungumza na Mama saa nzima na dakika tano. Kanionesha mkungumanga, kanionesha pete yake, kanisomea dua yote mpaka amin. Haijaganda hata mara moja. Haitham mwanangu, kwani hukuwa unapakua leo?

Haitham: Tangu alasiri Shangazi. Zimebaki GB 11.