Mjadala: Je, nyumba za wavumbuzi na wenye viwanda zinahifadhi historia au zinaisafisha?

MTOA HOJA

Mwezi Oktoba 1929 Henry Ford, mwenye viwanda vya magari, alimwonyesha mvumbuzi Thomas Edison kijiji cha makumbusho alichokuwa akikijenga Dearborn, katika jimbo la Michigan, Marekani, ambako maabara ya zamani ya Edison ya Menlo Park ilikuwa imesimamishwa upya juu ya udongo uliosombwa kutoka New Jersey. Inasimuliwa kwamba mzee yule alitazama huku na huku, akakiri kwamba kazi ilikuwa imekamilika kwa karibu asilimia mia, ila akataja dosari moja: yeye na wenzake hawakuwahi kuwa na sakafu safi kiasi kile.

Dosari hiyo ndiyo ninayoiona katika nyumba nyingi za aina hii. Mgeni huingizwa kwa mlango wa mbele, akapitishwa maktaba, chumba cha kulia na kitanda cha marehemu, akatoka anajua rangi ya mapazia bila kujua ni nani aliyeyafua. Hoja yangu ni kwamba nyumba inayotunzwa kwa fedha za umma, au kwa michango iliyosamehewa kodi, inapaswa kumwanzishia mgeni ziara kwa mlango wa nyuma: jikoni, vyumba vya watumishi, chumba cha mitambo, na hatimaye maelezo ya wazi ya mali ile ilikotoka.

Chukueni Cragside, nyumba ya William Armstrong, mvumbuzi na mwenye viwanda, huko Northumberland, Uingereza. Husifiwa, na kwa haki, kuwa nyumba ya kwanza duniani kupata mwanga kutokana na umeme wa maji; taa ya kwanza iliwashwa mwaka 1878, na miaka miwili baadaye zikafungwa balbu za mvumbuzi mwenzake Joseph Swan. Lakini mwaka 1871, upanuzi wa nyumba hiyo ukiwa unaendelea, mafundi wa viwanda vya Newcastle waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai siku ya kazi ya saa tisa, na aliyesimama mbele ya waajiri kuwapinga alikuwa Armstrong huyo huyo. Mafundi walishinda. Tena mali iliyolipia maporomoko na bustani za miamba ilitokana kwa sehemu kubwa na mizinga. Anayetoka Cragside akiwa amesikia habari za taa peke yake amesikia nusu ya habari.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa hoja, nakuheshimu, lakini unataka kuigeuza ziara kuwa kesi ambayo mshtakiwa wake hawezi kujibu. Mtu huenda kuona nyumba, na si dhambi kupenda dari iliyochongwa vizuri. Tumeona wenyewe yaliyotokea Septemba 2020, National Trust, shirika la hisani linalotunza nyumba za kihistoria Uingereza, ilipotoa ripoti iliyotaja majengo yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni: baadhi ya wanachama walihisi kwamba shirika lao linawasuta. Mapaa haya yanavuja, na hayazibwi kwa hotuba. Yanazibwa kwa viingilio vya watu ambao siku yao ya mapumziko ni moja tu kwa wiki. Isitoshe, pale Cragside nyumba yenyewe ndiyo uvumbuzi. Maji yaliendesha lifti na hata kugeuza mishikaki mikubwa ya nyama jikoni, na fundi mwenye akili kama hiyo anastahili kustaajabiwa kwanza na kuulizwa maswali baadaye.

MCHANGIAJI WA PILI

Ripoti hiyo ililalamikiwa, ni kweli, lakini ndugu yetu amekatiza simulizi njiani. Tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ililipitia jambo hilo, na Machi 2021 ikaeleza kwamba haikuona sheria iliyovunjwa.

Halafu tusijadiliane kana kwamba mlango wa nyuma ni ndoto. Quarry Bank, huko Styal, Uingereza, ni kinu cha pamba kilichoanzishwa na Samuel Greg mwaka 1784, na kimehifadhiwa pamoja na nyumba ya mwenyewe na nyumba ya watoto wanagenzi iliyojengwa mwaka 1790. Watoto hao, wengi wao wakiwa maskini waliotolewa katika nyumba za mafukara, walifanya kazi kinuni kwa takriban saa kumi na mbili kwa siku. Familia ya Greg ilikuwa pia na shamba lililolimwa na watumwa katika kisiwa cha Dominica. Hapo mgeni hahitaji kuhubiriwa na mtu yeyote. Anatembea dakika chache kutoka sebule ya tajiri hadi vitanda vya watoto, na miguu yake inamwambia yaliyobaki.

Ningependa tumtaje pia Lewis Latimer, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa Virginia. Alipata hataza mwaka 1882 kwa njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni za balbu, kisha akaifanyia kazi kampuni ya Edison. Nyumba yake katika eneo la Queens, New York, ilinusurika kubomolewa kwa kuhamishwa mzimamzima mwaka 1988. Ni ndogo, ya mbao. Yeyote anayekwenda kwa Edison na aende na huko pia.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nashangaa tunaziita nyumba za uvumbuzi. Glenmont, nyumba ya Edison yenye vyumba 29 huko West Orange, New Jersey, aliinunua mwaka 1886 pamoja na samani zake baada ya mtu aliyeijengesha kunaswa akiwa ameiba fedha za mwajiri wake. Kwa maneno mengine, hata mapambo si ya Edison. Kazi ilifanyika maabara, umbali mfupi kutoka hapo. Nendeni maabara.

MTOA HOJA

Nakubaliana na mchangiaji wa tatu kuhusu Glenmont, ila si kila nyumba iko hivyo, na hapa namrudia mchangiaji wa kwanza, kwa kuwa staha yake imenifanya nifikiri upya. Sitaki kesi. Nataka ziara inayoeleweka. Fair Lane, nyumba ya Ford huko Dearborn, ilikuwa na kituo chake cha umeme kando ya Mto Rouge, na Edison ndiye aliyeweka jiwe lake la msingi mwaka 1914. Aprili 7, 1947, mto ulikuwa umefurika na mitambo imezimika, na Ford, mtu aliyeujaza ulimwengu mashine, akafa usiku huo kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta. Mgeni anayeonyeshwa kitanda peke yake ataona mshumaa na asijue ulikuwa unafanya nini pale. Basi ndugu yangu anijibu: angemwanzisha mgeni huyo chumba gani?